Niliyoyaona ndani ya mazuku, na nisiyoyaona

Ndugu yangu wa Bukavu, umeuliza kama baba yako, aliyefariki hospitalini mwezi uliopita usiku ambao hakuwapo hata mmoja wenu kando ya kitanda chake, bado anajua lolote, na ukaomba wale wanaosemwa kuwa walikufa wakarudi waeleze walichokikuta. Mimi ni mmoja wa watu ambao majirani wa hapa Goma huwaita hivyo, kwa hiyo naona nina wajibu wa kukujibu, na kukujibu kwa uangalifu.

Mwaka 2006, nikiwa kijana wa miaka 17, tulikuwa tunakaa upande wa Lac Vert, magharibi mwa mji. Wakaaji wa huko wanayajua mazuku: ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano, na kwa kuwa uzito wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa hewa, hujikusanya usiku mabondeni na mashimoni, ikakaa humo mpaka jua na upepo viitawanye. Haionekani kwa macho. Mtu mzima anaweza kusimama ndani yake ikamfikia kiunoni bila yeye kujua, huku mbuzi aliye miguuni pake amekwisha kufa. Asubuhi ile mbuzi wetu alikuwa amelala ndani ya shimo la namna hiyo. Nikashuka, nikainama ili nimwinue. Mjomba wangu, aliyekuwa akinifuata, alizuia pumzi, akanishika mkono, akaniburuta hadi juu. Kwa makadirio yake, hazikupita dakika mbili.

Nakumbuka ladha ya ukali mdomoni na kifua kubana. Kisha nilisikia mvumo kama wa mvua juu ya mabati, mwili ukawa mwepesi, mwanga ukaenea, na ndani ya mwanga huo nikamwona nyanya yangu, ambaye tulikuwa tumemzika miaka mitatu kabla, ameketi kwenye kigoda chake akichambua maharage. Hakuniita wala hakunifukuza. Baada ya hapo hapana kitu kabisa, hata giza, mpaka uso wa mjomba ukiwa juu ya uso wangu.

Kwa muda mrefu nilisimulia sehemu ya nyanya tu, na ile sehemu isiyo na kitu nikaiacha. Katika kikundi cha maombi niliombwa nitoe ushuhuda, nikasema nilikufa nikafika ng'ambo. Watu wakamshukuru Mungu. Walipotawanyika, mama mmoja ambaye mazuku yalikuwa yamemchukulia mtoto alinikaribia, akaniuliza polepole: "Na ule mutoto wangu, ulimuona kule?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo sijasema tena kwamba nilikufa, na ndipo nilipoanza kutafuta ni nini hasa kilichonipata.

Nilikuta kwamba katika miaka ya 1950 daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, Ladislas Meduna, aliwavutisha wagonjwa wake mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi na oksijeni, na baadhi yao, ambao mioyo yao haikusimama hata kidogo, walieleza mwanga na hisia ya kuuacha mwili. Mwaka 2010 watafiti wa Slovenia waliwachunguza watu 52 waliofufuliwa baada ya moyo kusimama; 11 kati yao walikuwa na kumbukumbu za namna hii, na kwa wastani hao ndio waliokutwa na kiwango cha juu zaidi cha gesi hiyohiyo mwilini. Niliposoma hayo nilihuzunika, nakiri, kwa sababu niliona kama nyanya ananyang'anywa kwangu mara ya pili. Lakini gesi inaweza kueleza kwa nini niliona. Haielezi kwa nini, katika wote ninaowapenda, alikuja yeye na kigoda chake.

Kuhusu moyo unaposimama, kama ilivyokuwa kwa baba yako, damu hukoma kufika kwenye ubongo na mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10 hadi 20. Huko Uholanzi, daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake walichapisha mwaka 2001 habari za wagonjwa 344 waliofufuliwa: 62 walikumbuka kitu, waliobaki wote hawakukumbuka chochote. Huko Michigan, mwaka 2023, ilitolewa taarifa ya wagonjwa wanne waliozimiwa mashine za kupumulia, na katika wawili wao ubongo ulitoa kwa muda mfupi mawimbi ya umeme yenye nguvu, ya aina ambayo huambatana na kuwa macho. Walichokiona, kama walikiona, walikwenda nacho.

Ndiyo maana nasema kwamba sisi tuliorudi hatukufika. Tulisimama mlangoni, na ushuhuda wetu ni wa mlango. Naamini ufufuo, kama nilivyofundishwa tangu utotoni, lakini imani hiyo sikuipata shimoni, wala sitaki kuitafutia uthibitisho humo.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kwa yule mama, nikamwambia kwamba mtoto wake sikumwona, na kwamba sikustahili kusema nilifika. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama mtoto aliumia. Hilo niliweza kumjibu: kifua hubana kwa pumzi mbili au tatu, halafu woga wenyewe unaondoka, na kwangu mimi baada yake palikuja mtu ninayempenda. Akaniomba nirudie tangu mwanzo, nikarudia, akanitengea chakula.

Moyo wa baba yako ulisimama kwa njia nyingine, na sijui alikuta nini mlangoni pake. Langu ni hilo nililomwambia yule mama, nami nakupa wewe vilevile.