Magoti ya mama, sindano za Kichina na mfuko wa vidonge vyeusi

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Ngamiani, Tanga. Anapika vitumbua na mbaazi za kuuza asubuhi. Magoti yote mawili yanamuuma, la kulia zaidi, na eksirei ilionesha yamesagika. Ana presha na sukari, anatumia amlodipini na metfomini, na kila siku anameza diklofenaki anayonunua dukani. Majuzi alipelekwa kwa mtaalamu wa sindano za Kichina. Kaambiwa alipie mara 20 kwa mpigo, kapewa mfuko wa vidonge vyeusi visivyo na jina, na kaambiwa aache dawa za presha na sukari kwa kuwa sindano zitamsafisha damu. Shoga yake naye anasema mbona hijama ni ileile. Je, tiba hii inasaidia kweli, na inasaidia maradhi gani?

JIBU: Marahaba. Nianze na lisilongoja: mama asiache amlodipini wala metfomini. Watu wengi hudanganyika hapa, kwa sababu amlodipini hutoka mwilini polepole. Ukiiacha leo, kesho na keshokutwa mashine bado inasoma vizuri, na mgonjwa anaamini sindano zimeshamponya. Presha inapanda baadaye, na yeye hasikii chochote. Sukari ni hivyohivyo: inaweza kupanda kwa wiki kadhaa bila maumivu yoyote. Ukipimwa wakati bado unatumia dawa na kipimo kikawa kizuri, ujue hiyo ni kazi ya dawa.

Hijama na sindano za Kichina ni tiba mbili mbalimbali. Kwenye hijama ngozi inachanjwa, kikombe kinawekwa, damu inanyonywa. Wachina nao wanaumika kwa vikombe, mara nyingi bila kuchanja, ndiyo maana watu wanachanganya. Sindano ya akupancha, ndiyo hiyo ya Kichina, haina tundu, haiingizi dawa na haitoi damu. Unene wake wa kawaida ni milimita 0.25 na urefu milimita 40; ile ya hospitali ya kuchoma msulini ina unene wa milimita 0.6 hadi 0.8. Kwa mwenye sukari tofauti hii ina uzito, maana chanjo za hijama ni vidonda, na vidonda vyake huchelewa kupona.

Sasa, inasaidia nini? Mafundisho ya Kichina yanasema kuna nguvu iitwayo chi, ambayo hupita kwenye njia maalumu mwilini, na sindano hufungua palipoziba. Njia hizo hazijawahi kuonekana kwenye mwili uliopasuliwa. Kinachopimika ni kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu iliyo kwenye ngozi na msuli, na ubongo na uti wa mgongo hujibu kwa kutoa kemikali zinazotuliza maumivu. Kwa hiyo usishangae kwamba ushahidi wake wenye nguvu uko kwenye maumivu. Ukitoka huko, unapungua haraka.

Kwa goti lililosagika, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha takwimu za wagonjwa karibu 21,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, kichwa na goti. Waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko wasiochomwa, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka. Lakini walipolinganishwa na waliochomwa sindano bandia, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa matokeo ya namna hiyo, chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani mwaka 2019 kiliiruhusu kwa goti, kwa masharti. Taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, mwaka 2022 ikasema isitolewe kwa ugonjwa huu. Maoni yangu: kwa mtu kama mama yako, ambaye diklofenaki ya kumeza inaweza kumdhuru kuliko goti lenyewe, sindano zinafaa kujaribiwa. Lakini ategemee kupunguza maumivu tu. Gegedu iliyosagika, yaani ule mfupa laini wa kwenye kiungo, haioti tena kwa sindano, na anayesema sindano inarudisha "ute uliokauka" anauza maneno.

Kwengine inakofaa kujaribiwa ni maumivu sugu ya kiuno na mgongo, kipandauso na kichwa kinachobana mara kwa mara. Kwa kichwa, lengo ni kupunguza idadi ya siku za kuumwa kwa mwezi. Haikusudiwi kuzima shambulio la leo. Kichefuchefu baada ya upasuaji nacho kina ushahidi mzuri, na hapo hata sindano si lazima: pima upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kiganja kuja mkononi, upande wa ndani, katikati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi, kisha kandamiza kwa dole gumba dakika chache. Pointi hiyo inaitwa Neiguan.

Kwa sukari, presha, ugumba, saratani na "kusafisha damu", sindano haichukui nafasi ya matibabu. Na kuna jambo moja la ghafla ambalo huku pwani watu hulihusisha na upepo au shetani, wakahangaika na waganga, vikombe na sindano saa zikapotea: mdomo kupinda. Ukiambatana na mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito, hicho ni kiharusi. Nenda Hospitali ya Bombo saa hiyohiyo. Ukipinda uso peke yake, na jicho la upande huo halifumbi, huenda ni mshipa wa fahamu wa uso uliovimba, na dawa yake ni predinisoloni inayoanzwa ndani ya saa 72. Lakini daktari ndiye wa kutofautisha, kwa hiyo bado ni Bombo kwanza, na aambiwe kama mgonjwa ana sukari maana dawa hiyo huipandisha.

Mama akiamua kujaribu, aende ameshiba kiasi na ameshameza dawa zake. Alazwe chali, mto uwekwe chini ya magoti ili yakunjike kidogo. Asikae kwenye kiti mara ya kwanza, maana wengi wanaozimia huzimia wakiwa wamekaa, tena wakiwa na njaa au hofu. Ngozi ifutwe kwa spiriti na iachwe ikauke. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yake. Kama sindano zinatolewa kwenye chupa ya spiriti au kwenye sahani, avae viatu vyake aondoke: spiriti haiui kwa uhakika virusi vya homa ya ini B vilivyobaki kwenye chuma.

Kwa goti, sindano sita hadi kumi zinatosha. Maarufu zaidi ni Zusanli, iliyo vidole vinne chini ya ukingo wa chini wa kifuu cha goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa ugoko. Nyingine huchomwa chini kidogo ya kichwa cha mfupa mdogo wa nje wa mguu, nyingine upande wa ndani pale mfupa wa ugoko unapopanuka, nyingine juu ya goti kwenye nyama ya paja la ndani. Kuna mbili zinazoitwa macho ya goti, kwenye vishimo viwili kushoto na kulia kwa kano iliyo chini ya kifuu. Hizo zikichomwa kwa kina zinaingia ndani ya kiungo chenyewe. Kwa mwenye sukari, mimi ningemwambia mtaalamu aziache, atumie za pembeni. Usaha ndani ya goti ni nadra, lakini ukitokea huharibu kiungo kwa siku chache.

Sindano ikifika panapotakiwa, mama atasikia uzito, ganzi au mvuto unaosambaa taratibu. Akisikia kama umeme umempiga, au uchungu mkali unaochoma, aseme palepale; imegusa mshipa wa fahamu au wa damu, irudishwe nyuma. Zinaachwa dakika 20 hadi 30, na mguu usitikiswe, maana msuli ukikaza sindano hukwama. Ikikwama haivutwi kwa nguvu. Mgonjwa ahemee nje, msuli upapaswe kando, itoke yenyewe. Wakati wa kuzitoa zihesabiwe: zilizoingia nane, zitoke nane. Alama ya bluu au tone la damu si tatizo.

Wengine huongeza kuchoma majani makavu yaliyosagwa na kusokotwa kama sigara nene karibu na ngozi ili kupasha pointi. Wanaita moksa. Mama asikubali kwenye miguu. Sukari ya muda mrefu hufisha hisia za nyayo na vidole, mtu anaungua huku anasema "bado sijasikia joto". Na mgonjwa mwenye betri ya moyo asiunganishwe na ile mashine ya kupitisha umeme kwenye sindano.

Kulipia mara 20 kwa mkupuo, hapana. Alipe kila anapokwenda, mara moja au mbili kwa wiki. Kabla ya kuanza andikeni kwenye daftari mambo matatu: maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, anaweza kusimama jikoni dakika ngapi, na anaamka usiku mara ngapi kwa goti. Mwandike tena baada ya mara ya sita. Kama maumivu hayajashuka hata kwa alama mbili na dakika ni zilezile, aache. Kama zimeshuka, amalizie hadi kumi au kumi na mbili.

Huo mfuko wa vidonge ndio unaonitia hofu kuliko sindano zote. Dawa za mitishamba za viungo, za Kichina na za kwetu, mara nyingi zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na deksamethasoni, ambayo ni steroidi kali, au diklofenaki. Mkishuku, angalieni hivi: maumivu yalitoweka ndani ya siku mbili tatu, hamu ya kula ikapanda, sukari ikaruka, uso ukaanza kujaa. Kama ameshavimeza wiki tatu au zaidi, asivikate ghafla nyumbani. Apelekwe hospitali na mfuko wenyewe mkononi, kwa kuwa mwili uliozoea deksamethasoni unaweza kuzimika ikikatwa kwa mkupuo. Kama ni siku chache tu, aviache leo.

Hata mmea halisi una yake. Ma huang hupandisha presha. Gan cao, ambayo ni mzizi mtamu, hupunguza potasiamu na presha hupanda pia. Mizizi ya chuan wu isiyochemshwa vya kutosha huvuruga mapigo ya moyo. Danshen ikikutana na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mtu anaweza kuvuja damu. Kule Ubelgiji, miaka ya 1990, mzizi mmoja katika vidonge vya kupunguza unene ulibadilishwa kimakosa na wa jamii ya aristolokia. Wanawake wengi wakaharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sisemi haya kuidharau tiba ya Kichina. Dawa mseto ya malaria tunayomeza Tanga imetokana na mmea wao uitwao qinghao, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuugundua uwezo wa kiini chake. Lakini yeye alikitenga kiini, kikapimwa, na kipimo chake kikajulikana. Mfuko usio na jina haujapita huko.

Mtaalamu mwulizeni cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002: kimoja cha yeye mwenyewe, kingine cha kituo. Mkisitasita, mratibu wa tiba asili katika ofisi ya mganga mkuu wa Jiji ataangalia kama amesajiliwa. Anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, mwenye cheti au asiye nacho, mie nisingempelekea mama yangu.

Na diklofenaki ya kila siku ikomeshwe. Inapandisha presha, inachimba tumbo, na kwa mwenye sukari inaharakisha kuumiza figo. Apimwe figo, yaani kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, kisha amwulize daktari kuhusu diklofenaki ya kupaka kwenye goti. Kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu.

Lililobaki liko jikoni. Mama anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi ya vitumbua na mbaazi, magoti yamekunjwa hadi mwisho, kisha anajiinua kwa nguvu ya goti lilelile. Nunueni mbuzi ya kufunga mezani, au mwingine akune. Jiko nalo liinuliwe juu ya matofali, akaange akiwa amekaa kwenye kiti. Kusujudu kukimshinda, aswali akiwa kwenye kiti. Mara moja kila siku akae kwenye kiti anyooshe goti, ashike kwa sekunde tano, ashushe; mara kumi kila mguu, mizunguko mitatu. Kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Mji wetu ni tambarare na baiskeli hazikosekani: kama anaiweza, aendeshe, kiti kiinuliwe mpaka goti libaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa.

Akishaanza sindano, goti likivimba, likiwa la moto na jekundu, au akipata homa ndani ya siku chache, asingoje zamu inayofuata wala asirudi kwa mchomaji. Ni Bombo siku hiyohiyo, na aseme wazi kwamba alichomwa sindano na kwamba ana sukari.