Staili ya Tingatinga na AI
Unasema hata wanafunzi wa mchoraji Tingatinga walimuiga, kwa hiyo AI (akili bandia) kuchora kwa staili yake nayo haina shida, hapana ndugu yangu, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 hapo Dar kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi, ndugu na vijana wake walikaa naye wakajifunza kwa mkono, alipofariki 1972 wakaendeleza na kila mtu akaongeza chake. We unaiandikia AI "twiga staili ya Tingatinga", picha inatoka saa hiyohiyo, unaprinti tisheti unauza, yule mchoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar, anapata nini? Kutumia AI kutafuta wazo la rangi, sawa, hata mi nafanya, ila kazi ya kuuza nenda kaongee na wachoraji wenyewe, wapo.