"94 kati ya 100 wana imani": je, takwimu hii inashika?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha korosho, wilayani Newala, mkoani Mtwara. Tulipokuwa tukipokea korosho ghalani tuliwauliza wakulima 100: "Je, una imani na viongozi wa chama na mbunge wako?" 94 walijibu ndiyo. Mbona vijiweni nasikia manung'uniko ya makato tu? Na je, nilinganishe na takwimu za Mtwara kwenye tafiti za kitaifa?

JIBU: Marahaba. Tuanze na aliyeuliza. Mkulima yuko ghalani, korosho zake hazijalipwa, na mwenye kalamu ni mjumbe wa bodi. Atathubutu kusema hapana? Ndiyo ya namna hiyo ni ya kujilinda. Afrobarometer, wanaopima imani ya wananchi katika nchi nyingi za Afrika, humuuliza mhojiwa mwishoni anadhani nani amewatuma. Anayedhani ni serikali, majibu yake huweza kulinganishwa na ya wengine, hofu ikaonekana.

Swali lenyewe pia lina kasoro: umewafunga viongozi wa chama na mbunge kamba moja. Watenganishe, kisha toa ngazi nne: simwamini kabisa, kidogo, kiasi, sana. Acha nafasi ya "sijui". Na mtu akisema "namwamini tu", usikimbilie kuandika "sana". Hiyo "tu" mara nyingi ni ya kukata tamaa. Msomee ngazi achague mwenyewe.

Kuhusu kulinganisha, nakusihi usifanye. Sensa ya 2022 iliihesabu Mtwara watu 1,634,947 kati ya 61,741,120 nchini. Utafiti wa watu 2,400 ukigawanywa kwa idadi ya watu, mkoa mzima unapata kama 64. Kitaifa matokeo yanaweza kupotoka kwa asilimia 2 hivi juu au chini. Kwa watu 64 ni 12, pengine zaidi wakitoka vijiji vichache. Asilimia 50 ya Mtwara inaweza kuwa 38 au 62.

Rudia kazi kwa daftari la wanachama. Wakiwa 640 na unataka 160, chagua kwa kura namba ya kuanzia kati ya 1 na 4, kisha chukua kila wa nne, hata kama anaishi mbali na barabara. Wahojaji watoke kijiji kingine, wawafuate wakulima nyumbani, wasiandike majina. Fanya hivyo kabla ya msimu, urudie malipo yakishaingia, kwa maneno yale yale.