Mita 60 za mto, na maswali mengine ya wanaojenga Dar

Kaka, nimeonyeshwa kiwanja Goba kwa bei nzuri. Nyuma yake kuna mto ambao dalali anasema ulishakauka siku nyingi. Hati hakuna, ila mwenyekiti wa serikali ya mtaa yuko tayari kugonga mhuri. Nichukue?

Usitoe hata kishika uchumba kabla hujauona huo mto masika yakiwa yamekolea. Mito mingi ya Dar hukaa miezi bila maji, watu wakakatiza humo na viatu vyao, kisha ikanyesha siku mbili ukashangaa. Kagua kingo zake. Ukikuta udongo umekatika wima na mizizi ya miti inaning'inia, jua mto bado unajipanua, na unapanuka kuelekea kwako.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Piga hesabu: kiwanja cha 20 kwa 20 kinachogusa mto kimo chote ndani ya marufuku, na cha pili na cha tatu nyuma yake vilevile. Mhuri wa mtaa unashuhudia kwamba fulani kamuuzia fulani, basi. Kibali cha ujenzi hakitoki hapo. Nenda manispaa, Ubungo kwa hapo Goba, waone watu wa mipango miji, uliza eneo hilo limepangiwa matumizi gani. Desemba 2015 nyumba zilizopigwa X nyekundu bonde la Mkwajuni zilivunjwa familia zikiangalia, na humo walikuwamo watu waliouziwa wakiambiwa maneno hayohayo unayoambiwa wewe.

Mbona karakana ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa? Sheria ni ya wanyonge tu?

Swali lako ni la haki. Karakana ile imefurika mara kadhaa, mabasi yakazingirwa na maji, na abiria wa Kimara na Mbezi wakakosa usafiri. Na ilijengwa huku kila mtu akijua jinsi bonde hilo la mto Msimbazi linavyofurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Taasisi ya umma inapojenga pale, afisa wa manispaa anamwambia nini mama aliyejenga vyumba viwili Kigogo?

Sasa tunalipa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa Mradi wa Bonde la Msimbazi: kuchimba na kupanua njia ya maji, kujenga upya daraja la Jangwani, kuhamisha karakana, kulipa fidia wakazi, na kupanda miti kule juu maji yanakotokea. Naunga mkono mradi huu kwa moyo wote. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo ni gharama ya kulirudishia bonde nafasi tuliyolinyang'anya. Vigingi vya mita 60 vingechomekwa mapema, kabla madalali hawajafika, ingetugharimu kidogo sana. Bado ipo mito ambayo kazi hiyo inawezekana, ukiwamo Mpiji kwenye mpaka wa Bagamoyo. Manispaa zianze huko mwaka huu huu.

Jirani anamwaga kifusi kwenye mikoko ili apate kiwanja cha ufukweni. Tuna la kufanya?

Mnalo. Mikoko ya nchi hii ni msitu wa hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na hakuna anayeweza kuimilikisha kwa mkataba wa mtaani. Pigeni picha malori yakiwa yanamwaga, andikeni tarehe, pelekeni TFS na NEMC, baraza la taifa la mazingira, nakala kwa afisa mazingira wa kata. Fanyeni mapema. Kifusi kinaziba maji ya bahari yanayopanda na kushuka, mizizi inakosa hewa, miti inakufa yenyewe bila shoka.

Fundi ananiletea mchanga wa mtoni, nafuu kuliko wa machimbo. Kuna ubaya?

Upo. Mto ukichimbwa unashuka kina, kingo zinaporomoka, nguzo za madaraja zinabaki wazi. Mdai muuzaji kibali. Akibabaika, achana naye.

Mama watoto anataka uwanja wote uwekwe pevingi. Kuna sheria?

Masharti ya kibali cha ujenzi huweka sehemu ya kiwanja isiyojengwa, kwa hiyo soma kibali chako vizuri. Mimi ningemwomba mama aache ukanda wa udongo na miti kandokando ya ukuta. Mvua ikikosa pa kuzama inakwenda kwa jirani wa chini, na kisima chenu nacho kinahitaji maji hayo. Visima kadhaa vya karibu na pwani hapa Dar tayari vina maji ya chumvi, kwa kuwa tunavuta mengi kuliko yanayorudi ardhini. Pevingi ziishie njia ya gari na mlangoni.