Pembe zenye giza: usiiuze lenzi yako bado

Kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimenunua lenzi ya 50 mm f/1.8, picha zote zina pembe nyeusi. Nimepigwa?"

Hujapigwa, mdogo wangu. Lenzi ikiwa wazi kabisa, mwanga unaoingia kwa upande hukatwa na mwili wa lenzi yenyewe, basi unaofika pembeni ni kidogo. Ifunge mpaka f/4 au f/5.6 (namba ya f ikikua, tundu la lenzi linapungua), giza karibu lote litaondoka. Lenzi pana, zile zinazoona eneo kubwa, zina lao zaidi: mwanga hufifia kadiri unavyokuja kwa mshazari. Kwa kanuni ya lenzi ya kawaida, ukija kwa nyuzi 45 unabaki robo tu, ingawa siku hizi watengenezaji huzisanifu zipunguze hasara hiyo.

Piga ukuta mweupe kwa f/1.8, kisha f/8. Ukiona kadiri unavyofunga, pembe ndiyo kwanza zinakatika kwa ukali zaidi, basi kuna kitu kimeziba: hudi, ile kofia ya kukinga mwanga mbele ya lenzi, imekaa upande, au umepachika polaraiza (filta ya kupunguza mng'ao) juu ya filta ya UV. Vua moja.

Mimi giza hilo nalipenda, na limenitia aibu mbele za watu. Nilimpiga picha fundi mmoja wa majahazi Bagamoyo akikalafati, pamba anaisukumia katikati ya mbao kwa patasi, jasho linamning'inia kwenye ncha ya pua. Nyuma yake kulikuwa na ndoo ya bluu na pikipiki nyekundu. Nikaacha lenzi wazi, nikaongeza giza kidogo kwenye kuediti, ndoo na pikipiki zikanyamaza. Siku ya maonyesho jaji akasema kwa sauti, "Huyu akanunue lenzi ya maana." Watu wakacheka. Nilinyamaza, lakini sijasahau. Picha ile ile mwezi uliopita imenunuliwa na hoteli, tena kwa ukubwa wa mlango. Jaji sijui anapiga nini siku hizi.

Basi msiogope giza, ila lipeni kazi. Naona vijana mkiediti mnaburuta kitelezi cha giza la pembeni mpaka mwisho, kila picha inaonekana imepigwa ndani ya bomba. Anga ya bluu ya mchana ukiitia giza pembeni inaonekana chafu. Halafu giza la programu hupimwa kutoka katikati ya fremu, na uso wa mtu mara nyingi hauko katikati. Chora duara lako mwenyewe kuuzunguka uso, ukingo wake uwe laini, punguza mwanga nje yake taratibu. Mtazamaji akiligundua, limezidi.

Na picha ya ukoo kwenye harusi usiiguse kabisa. Funga f/8, washa marekebisho ya lenzi (yanayofuta giza la pembeni), pembe zote ziwe nyeupe pee. Mashangazi husimama mwisho wa mstari, na ndio waliochanga nyingi.