Jibu la kwanza lisiguswe? Nani kakudanganya?

Mdogo wangu, hapo uliposema kwamba kwenye mtihani wa Jumatatu, maswali ya kuchagua, "sigusi jibu la kwanza hata nikishtuka", chai imenishinda kunywa. Umeuliza pia kuhusu kugawa muda na kubahatisha, lakini hili ndilo linalopeleka watu sapu, yaani kurudia mtihani.

Mwaka wa kwanza, chuo cha afya, mtihani wa fiziolojia. Homoni zifuatazo hupandisha sukari kwenye damu isipokuwa: A glukagoni, B kotizoli, C adrenalini, D insulini. Nikaweka A chapuchapu. Kurudi kupitia, naliona lile "isipokuwa" limekaa pale wazi kabisa. Insulini inashusha sukari, nani asiyejua? Raba ninayo mkononi, nikaiweka chini, kwa sababu mkufunzi wetu alitukaririsha muhula mzima: "Jibu la kwanza la Mungu, la pili la shetani." Na maswali mengine niliyoshtukia nikayaacha vilevile. Nikala sapu. Likizo wenzangu wako makwao, mimi niko bwenini, na mama kauza mbuzi nilipie ada ya kurudia. Yule mkufunzi hasira naye sijaimaliza. Unawezaje kuwakaririsha watoto wa watu jambo ambalo hujawahi kulichunguza?

Wenzake wamelichunguza. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti waliokagua alama za kufutwa kwenye karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa saikolojia, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Katika majibu yaliyobadilishwa, 51% yalitoka kwenye kosa yakawa sahihi, 25% yalitoka kwenye sahihi yakawa kosa, mengine yalihama kosa hadi kosa. Sasa kwa nini watu hawaamini? Jibu sahihi ulilolifuta kwa mkono wako linauma, utalisimulia miaka. Lile uliloliokoa unalisahau ukitoka tu mlangoni.

Kwa hiyo jiulize: sababu ya kubadili naweza kuitamka? Umeona neno uliloliruka, au swali la 40 limekukumbusha la 12? Futa! Huna sababu, ni moyo tu unadunda? Acha lilivyo. Tia kinukta cha penseli kwenye kila swali lenye mashaka, na ubakize muda wa kuyarudia hayo. Ukirudi, soma swali lenyewe upya tangu mwanzo, usisome jibu lako, maana "siyo" na "isipokuwa" hujificha mwishoni mwa sentensi.