Barua kwa mwanangu: nani aliziangusha benki za Marekani?

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza kwenye simu iwapo ni kweli, kama wasemavyo wenzako wa idara ya mikopo huko Arusha, kwamba mwaka 2008 benki kubwa za Marekani ziliangushwa na watu wa kipato kidogo waliokopa nyumba wasizoweza kuzilipia. Sikutaka kukujibu harakaharaka. Mimi naamini si kweli.

Nilipokuwa afisa mikopo hapa Moshi, nyumba iliyojengwa kwenye kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, haikuwa dhamana ya kutegemea, kwa sababu hata ikipelekwa mnadani ni nadra jirani kuthubutu kununua ardhi walimozikwa wazee wa ukoo mwingine. Ilitubidi tumchunguze mkopaji mwenyewe: tulifika dukani kwake, tukahesabu magunia, tukauliza ada za watoto zinatoka wapi, kwa kuwa tulijua marejesho yatatoka kwenye kipato chake au hayatatoka kabisa.

Wakopeshaji wengi wa Marekani waliegemea bei ya nyumba, iliyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, na baadhi yao waliandika kipato alichokitaja mkopaji bila kudai hata karatasi ya mshahara. Mikopo mingi ya namna hiyo ilikuwa na riba nafuu kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha riba ikapanda. Mkopaji aliahidiwa kwamba kabla ya hapo atapata mkopo mpya wa kulipia ule wa kwanza, maana nyumba itakuwa imepanda thamani. Riba ya benki kuu yao ilitoka asilimia 1 mwaka 2003 hadi asilimia 5.25 mwaka 2006, bei za nyumba zikaanza kushuka, na njia hiyo ikazibika.

Kwa nini mkopeshaji hakuogopa? Kwa sababu hakukusudia kubaki na mkopo huo. Aliuuza kwa benki za uwekezaji, ambazo zilikusanya maelfu ya mikopo na kuigeuza kuwa hati fungani, yaani hati za deni zinazouzwa kwa wawekezaji, na kampuni za kupima ubora wa hati, Moody's ikiwa mojawapo, zikazipa nyingi daraja la juu kabisa. Wakala aliyemletea mkopeshaji mteja alikuwa ameshalipwa kamisheni yake kabla rejesho la kwanza halijaingia.

Benki nazo zilinunua na kurundika hati hizo kwa fedha za kukopa. Lehman Brothers, mojawapo ya benki hizo za uwekezaji, ilikuwa na mali za takriban dola 30 kwa kila dola 1 ya mtaji wake. Piga hesabu mwenyewe: mali zikishuka thamani kwa asilimia 4 tu, mtaji wote umekwisha. Ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008, na benki zilizosalia zikaogopa kukopeshana, kwani haikujulikana nani amebeba hasara kiasi gani.

Wapo wakopaji waliodanganya, sikatai, lakini hakuna mkopaji anayejiidhinishia mkopo. Oktoba mwaka huohuo Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa sekta ya fedha, huku mamilioni ya familia zikipoteza nyumba zao katika miaka ile. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na linaniuma zaidi ninaposikia vijana wa benki wakizitaja familia hizo kuwa ndizo chanzo.

Ukija mwisho wa mwezi, njoo na fomu mnayotumia kumtathmini mkopaji. Nataka kuona inauliza nini kuhusu kipato kabla haijafika kwenye dhamana. Mama yako anakusalimu.

Baba yako